Makarani wa Forodha

Juma lililopita aliingia ofisini mwetu kijana mmoja, karani wa ghala huko bandarini, angali amevaa nguo za kazi, na kwapani amebana daftari nene lililofungwa kwa kamba ya katani. Alitusalimu kwa adabu, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kuchukua nafasi ya mwingine, kisha akaliweka daftari lake mezani. Ndani yake mlikuwa na hadithi moja ndefu, kazi ya usiku wa miaka mitatu. Alitueleza kwamba amekwisha kuipeleka kwa wapiga chapa wawili. Wa kwanza aliirudisha baada ya miezi kumi na minne pasipo neno hata moja. Wa pili hakuirudisha kabisa, mpaka mwenyewe alipokwenda kuidai mlangoni. Mkewe amemwuliza kukesha kote huko kumeleta nini nyumbani, naye hakuwa na jibu. Ndipo akatukazia macho akasema, "Ndugu Mhariri, niambie kweli. Nilichome moto?"

Tulimjibu vibaya. Tulimpa maneno ambayo kila mhariri huyaweka tayari katika mtoto wa meza kwa ajili ya wageni wa namna hiyo: avumilie, ajitahidi, asikate tamaa. Akatushukuru kama mtu aliyeomba chakula akapewa maji, akaondoka, na daftari akaliacha. Tangu siku hiyo limekaa hapa mezani petu likitutazama. Haya tuyaandikayo leo ndiyo jibu tulilopasa kumpa siku ile, na twaliandika hadharani kwa sababu twajua hayuko peke yake. Katika matawi yetu, viwandani, katika mabehewa ya reli na katika vyumba vya walimu, wamo wengi wenye daftari kama lile chini ya godoro.

Kwa kuwa yeye ni mtu wa bandari, na tumweleze habari za watu watatu wa bandari wenziwe. Wote watatu walikuwa wafanyakazi wa Forodha, na wote watatu walikuwa watungaji.

Wa kwanza ni wetu wenyewe. Marehemu Sheikh Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, kijijini Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata 1926, na mwaka huo wa 1926 akaajiriwa ukarani katika Idara ya Forodha. Alidumu katika kazi hiyo miaka kumi na minane, akihamishwa huku na huku katika vituo vya pwani, Pangani kikiwa kimojawapo. Mwaka 1944 aliiacha Forodha akapelekwa bara, Mpwapwa. Na tangu mwaka 1946 alikuwa amerudi Tanga, akishika kalamu ya Serikali katika ofisi ya Wilaya na baadaye katika ofisi ya Upimaji, hata mwaka 1960.

Na tuyahesabu maisha hayo kwa saa, kama mfanyakazi ahesabuvyo. Tangu asubuhi hata alasiri mkono wa karani si wake. Huandika idadi ya makasha, uzito wa magunia, jina la jahazi na la nahodha, kodi iliyolipwa na iliyobaki. Jioni ni ya jamaa na majirani, ya wagonjwa na ya maziko. Kinachobaki kwa kalamu yake mwenyewe ni mkia wa usiku. Katika mkia huo wa usiku Shaaban Robert alitunga vitabu zaidi ya ishirini, vya mashairi, hadithi, insha na wasifu wa watu. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kimesomwa na watoto ambao baba zao na babu zao walikisoma. Wako wasomi waliopewa nyumba, mishahara na likizo ili waandike, wasiandike robo ya hayo. Hatusemi hivyo ili kuwasifu wenye mishahara midogo. Mshahara mdogo ni mshahara mdogo, na hakuna shairi lililopata kutungwa kwa nguvu ya njaa. Twasema tu kwamba kazi ya mchana haikuiua kazi ya usiku.

Lakini kijana wetu hakuuliza habari za wingi wa vitabu. Aliuliza habari za moyo. Kwa hiyo na tumtazame karani yule siku alipofiwa.

Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto wangali wadogo. Mtu wa kawaida hapo hulia, huzika, hukaa matanga, kisha hunyamaza. Shaaban Robert aliyafanya yote hayo, na juu yake akaketi akamtungia marehemu shairi lililobeba jina lake, ambalo hata leo watu wasiopata kumwona Amina hulisoma wakamlilia. Kisha akawageukia watoto. Alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi wa mawaidha, na mwanawe Suleiman akamtungia wake, ili hata akifa yeye pia, sauti ya mzazi isizimike nyumbani. Tungo hizo zimo katika kitabu chake Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949. Je, zilimletea nini? Hazikumrudisha Amina. Hazikulipa deni dukani. Hata hivyo twasadiki kwamba usiku ule alipouweka ubeti wa mwisho wa Amina mahali pake, alilala usingizi ambao asingeupata kwa njia nyingine. Huo ni ujira. Hauandikwi katika daftari la malipo, wala mke wa kijana wetu hawezi kununulia unga, lakini aliyewahi kuupokea anajua kwamba ni ujira.

Basi hiyo ndiyo furaha ya kutunga. Taabu yake huanza pale mswada unapotoka mlangoni. Katika siku za Shaaban Robert mtungaji wa Tanganyika hakumjua mpiga chapa wake kwa uso. Baadhi ya vitabu vyake vilipigwa chapa Johannesburg, Afrika ya Kusini, na vingine na makampuni ya Uingereza. Karatasi zilizoandikwa Tanga zilipanda meli, zikaenda kukaa juu ya meza ya mtu wa mbali, mtu ambaye mara nyingi Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kujifunza vitabuni, na mtu huyo ndiye aliyeamua kama mwenye lugha yake amesema vema. Mtungaji akangoja meli. Meli ikaja na nguo, na mabati, na saruji, na bahasha isiwemo. Twamfikiria mara nyingi karani yule, ambaye kazi yake kwa miaka kumi na minane ilikuwa kufungua shehena za watu wengine na kuziruhusu zipite, huku shehena yake mwenyewe imekwama katika bandari za watu.

Sasa twamwomba msomaji avuke bahari pamoja nasi, nasi twaahidi kumrudisha pwani hii kabla ya jua kutua. Njia tutakayopita si ngeni. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na miongoni mwa merikebu zilizokuja kwa wingi zilikuwamo za mji mdogo wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Zilileta ile nguo nyeupe ya pamba ambayo bibi zetu waliiita amerikani, zikachukua pembe za ndovu na sandarusi. Balozi wa kwanza wa Marekani pale Unguja, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem. Sasa basi, katika nyumba ya Forodha ya Salem, tangu mwaka 1846 hata 1849, alikaa mkaguzi mmoja jina lake Nathaniel Hawthorne, na mali iliyotoka pwani hii ilikuwa bado ikishuka katika gati zile. Huyo ndiye mtu wetu wa pili.

Hawthorne alijua habari za moto. Mwaka 1828, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, alipigisha chapa kitabu chake cha kwanza, Fanshawe, kwa fedha zake mwenyewe na bila kutia jina lake. Hakikwenda. Aibu ikamshika, akakusanya nakala alizoweza kuzipata akazichoma, na rafiki zake akawasihi wafanye vivyo hivyo. Akachoma na hadithi nyingine za ujana wake. Lakini moto wa mtungaji hauli sawasawa: nakala chache ziliponyoka, na mwaka 1876, mwenyewe akiwa amekwisha kufa, kitabu kile kilipigwa chapa tena, na leo mtu yeyote aweza kukisoma na kuona kwamba kweli ni kibovu kidogo. Tumwambie kijana wetu kwamba hata kuchoma hakuna hakika.

Forodhani Hawthorne alipata mshahara mzuri na usingizi mwingi, na kalamu ikakauka. Yeye mwenyewe ameeleza, katika dibaji ndefu aliyoiita kwa jina la nyumba ile ya Forodha, jinsi akili yake ilivyokuwa kama kioo kilichofifia muda wote aliokuwa na kazi ya Serikali. Mwaka 1849 chama kingine kikashika madaraka huko Washington, na mkaguzi wa Salem akaachishwa kazi. (Sisi tunaofanya kazi katika gazeti la chama twajua kwamba mambo hayo hutokea, na tutapita hapa kimyakimya.) Mwezi uliofuata mama yake mzazi akafa. Mtu asiye na kazi, mwenye watoto wawili, aliyetoka kumzika mamaye, aliketi akaandika The Scarlet Letter. Kitabu kilitoka Machi 1850, na nakala 2,500 za mwanzo zikanunuliwa katika siku kumi. Twastaajabu, lakini hatutaki mtu yeyote afukuzwe kazi kwa kutumaini mambo kama hayo. Aliyefukuzwa na akaandika kitabu kikubwa ni mmoja. Waliofukuzwa wakaona njaa hatuwezi kuwahesabu.

Agosti 1850 Hawthorne alikwenda matembezi ya mlimani pamoja na watungaji wengine, mvua ikawakamata, wakajibanza chini ya majabali. Miongoni mwao alikuwamo baharia mmoja wa zamani, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, jina lake Herman Melville. Siku hiyo urafiki ukaanza. Melville ndiye mtu wetu wa tatu, naye ndiye aliyepatwa na makuu.

Mwaka 1841 Melville alipanda merikebu ya kuwinda nyangumi, mwaka uliofuata akaitoroka katika visiwa vya bahari ya Kusini, na aliporudi kwao akaandika habari za visiwa hivyo katika kitabu kiitwacho Typee, mwaka 1846. Kilipendwa sana. Akawa mtu wa kutajwa. Ndugu msomaji, hapo ndipo penye mtego ambao wachache huusema. Kushindwa tangu mwanzo ni uchungu. Lakini kupendwa kwanza, kisha kuachwa, ni uchungu wa namna nyingine, kwa sababu mtu hukumbuka ladha ya kile alichonyang'anywa. Watu walitaka Melville aandike Typee maisha yake yote. Yeye alitaka kwenda mbali zaidi. Akaandika kitabu kikubwa cha nyangumi mweupe na nahodha mwenye mguu mmoja, ambacho dunia nzima sasa yakijua kwa jina la Moby-Dick.

Kilitoka mwaka 1851, Oktoba huko London na Novemba huko New York. Na hapa wafanyakazi wa chapa watusikilize. Hadithi yote husimuliwa na baharia mmoja, na mwisho merikebu huzama na watu wote. Ila sura fupi ya mwisho kabisa hueleza jinsi msimulizi huyo peke yake alivyookoka. Katika chapa ya London sura hiyo haikuwamo. Imeachwa! Wahakiki wakasoma, wakafika mwisho, wakauliza kwa kejeli: ikiwa wote wamekufa maji, nani basi anayetusimulia? Mtu ametumia zaidi ya mwaka mzima kuijenga nyumba, na fundi wa mwisho akasahau kutia mlango, nao wapita njia wakamcheka mwenye nyumba. Sisi ambao kila usiku twasoma karatasi za kusahihisha hapa, tukifikiri habari hiyo, hurudia mstari wa mwisho mara mbili.

Katika maisha yote ya Melville kitabu hicho kiliuza nakala zipatazo 3,000 tu kwao Marekani. Nakala zilizobaki ghalani ziliteketea Desemba 1853, kiwanda cha wapiga chapa wake kiliposhika moto. Mwaka 1852 alikuwa ametoa kitabu kingine, Pierre, na gazeti moja la New York likatangaza katika kichwa cha habari kwamba Melville ameingia wazimu. Mwishowe akalazimika kutafuta kazi, na Desemba 1866, akiwa na miaka arobaini na saba, akaajiriwa kuwa mkaguzi wa Forodha katika bandari ya New York kwa dola nne kwa siku. Akaifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza haujatimia, mwanawe wa kwanza, Malcolm, akafa kwa risasi chumbani mwake, naye ana miaka kumi na minane.

Je, mtu huyo aliacha kuandika? Hapana. Aligeukia mashairi. Mwaka 1876 alitoa utenzi mrefu kupita kiasi, Clarel, wa safari ya Nchi Takatifu, kwa fedha alizopewa na mjomba wake. Haukununuliwa, miaka mitatu baadaye nakala zilizobaki zilisagwa kwa ruhusa yake mwenyewe. Mwaka 1888 na tena mwaka 1891 alipigisha chapa vijitabu viwili vya mashairi, kila kimoja nakala 25. Ishirini na tano! Mtu aliyewahi kusomwa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki sasa anawahesabu wasomaji wake kama mwenyeji ahesabuvyo vikombe kabla ya wageni kuja. Alikufa Septemba 1891. Magazeti yaliandika mistari michache, na gazeti moja kubwa la mji ule ule likakosea hata kuliendeleza jina la kitabu chake cha nyangumi. Kwa niaba ya kazi yetu ya uhariri, twaona haya.

Mezani pake aliacha hadithi ambayo hajaimaliza. Mjane wake aliitunza, na karatasi zake zikaishia katika bweta la bati la kutilia mikate, mikononi mwa jamaa, mpaka mtafiti mmoja alipokuja kuuliza habari zake baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hadithi hiyo, Billy Budd, ilipigwa chapa mwaka 1924. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka thelathini na mitatu.

Msomaji aweza kutuambia: "Mmemletea kijana wenu habari za kumwua moyo." Na angojee kidogo. Novemba 1851, kabla kejeli hazijakoma, Melville alipokea barua. Hawthorne, ambaye kitabu kile cha nyangumi kilitolewa kwa heshima ya jina lake, alikuwa amekisoma na kukifahamu. Barua yenyewe imepotea. Lakini jibu la Melville lipo, na yeyote alisomaye huona mtu anayetetemeka kwa furaha, mtu aliyeambiwa kwamba hakuwa peke yake duniani. Kitabu kilichotaka kusomwa na ulimwengu kilipata msomaji mmoja, na kwa siku ile msomaji mmoja alitosha. Hatusemi kwamba alitosha kwa miaka arobaini iliyofuata. Hakutosha, ndiyo maana ya zile nakala 25. Lakini siku ile ilikuwapo, wala hakuna gazeti lililoweza kumnyang'anya.

Nasi tuna siku yetu, ndogo, lakini tutaisema. Tulipokuwa shule ya misheni tulitunga mashairi pembezoni mwa daftari la hesabu, na mwalimu mmoja akayasoma kwa sauti mbele ya darasa ili watu wacheke. Wakacheka. Miaka mingi baadaye, makala yetu ya kwanza ilipopigwa chapa, jina letu likakosewa herufi mbili. Hata hivyo tuliibeba karatasi ile mfukoni mpaka ikachanika mikunjoni. Tumewahi kurudishiwa mswada wenye alama ya kikombe cha chai juu ya ukurasa wa kwanza, na kurasa zilizofuata zikiwa bado zimeshikamana, dalili kwamba hazikufunuliwa. Tumewahi pia, na hili ni gumu kulikiri, kuandika sifa za mwenzetu tuliyesoma naye alipopata tuzo, mkono ukiandika "pongezi" na moyo ukiwa baridi kama jiwe la kisimani. Husuda ni ugonjwa wa kazi hii kama vumbi lilivyo ugonjwa wa machimbo. Anayesema hajaupata hajachimba.

Kisha siku moja ikaja barua kutoka kwa mlinzi wa kivuko cha reli, mahali ambapo garimoshi hupita bila kusimama. Mistari mitatu kwa penseli. Tulikuwa tumeandika habari za wafanyakazi wa njia ya reli waliokufa bila kuandikwa popote. Alisema ameikata makala ile akaiweka katika sanduku pamoja na stakabadhi za kodi za marehemu baba yake. Hakusema kama makala ilikuwa nzuri. Tangu hapo, kila tunapoandika, twafikiri habari za sanduku lile, na mara nyingi twafuta sentensi tukiona haistahili kuwekwa humo.

Tuliahidi kurudi pwani hii. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na miaka hamsini na mitatu, miezi sita baada ya bendera ya Uhuru kupandishwa. Hakufa bila heshima: alikwisha kupewa nishani, akaketi katika kamati za lugha, na watu walimjua. Lakini na tutazame tarehe za vitabu. Kufikirika kilitoka mwaka 1967. Mwaka huo huo ukatoka Utenzi wa Vita vya Uhuru, beti zaidi ya 3,000 juu ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Mwenye kazi hakuvinusa vikiwa vipya. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hata 1958 zilihifadhiwa na aliyeandikiwa, na mwaka 2002 zikapigwa chapa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fikiri, msomaji: kwa miaka ishirini na saba mtungaji yule alikuwa na mtu mmoja wa kumwandikia, na mtu huyo hakuzitupa barua zake. Melville alikuwa na Hawthorne wake. Karani wa Pangani alikuwa na ndugu yake.

Labda hilo ndilo tuliloshindwa kumwambia kijana wetu alipoketi ukingoni mwa kiti. Hakuwa akituuliza kama atakuwa tajiri, wala kama jina lake litaimbwa. Wapiga chapa wawili walilipokea daftari lake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia amesoma nini ndani yake. Lile "nilichome?" lilikuwa njia ya kuuliza kama kuna mtu aliyesoma. Nasi, badala ya kufungua kamba ile ya katani, tukamhubiria subira.

Tumeifungua. Tumelisoma daftari lote, na sehemu nyingine mara mbili. Sura tatu za mwanzo ni nzito kwa maneno ya kuazima. Yaonekana alikuwa anaogopa wasomi. Jina la mhusika mmoja hubadilika katikati ya hadithi bila sababu. Mwisho umekuja upesi mno, kama mtu anayekimbilia basi. Lakini katika sura ya nne yumo mama mmoja anayehesabu magunia ya makaa gizani kwa kuyapapasa, naye hujua kwa mkono lipi limeibwa nusu, na hasemi kitu, kwa kuwa mwizi ni mwanawe. Tulipofika hapo chai yetu ilipoa tusiikumbuke. Hatujui kama hadithi hii itapigwa chapa. Hilo si letu kuliahidi. Twajua kwamba mama yule yu hai, na kwamba tumekuwa tukimfikiri tangu juzi, hata katika mkutano wa tawi ambapo tulipaswa kufikiri mambo mengine.

Daftari tumelitia alama kwa penseli, si kwa wino, ili aweze kufuta pale ambapo tumekosea sisi. Aje Alhamisi saa kumi na moja jioni, akitoka ghalani. Bawabu amekwisha kuambiwa amruhusu apite, na kiti tumekisogeza karibu na meza.